Mwaka Niliojifunza Kusafiri na Mwili Wangu

Tulipomzika Ma Koleta mwezi uliopita, kijijini kwao nje kidogo ya mji wa Muleba, wasifu wake ulisomwa na mpwa wake kwa muda usiozidi dakika tano. Tukasikia kwamba alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akafiwa na mume. "Alifundisha akina mama kushona katika maeneo mbalimbali ya mkoa wetu," alisoma yule kijana, kisha akageuza karatasi. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai, kwenye kiti cha plastiki, miguu nimeifunika kwa kitenge kwa sababu mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha baridi kwenye migomba, na nikajikuta nataka kunyoosha mkono kama mwanafunzi. Maeneo mbalimbali! Mimi niliyajua maeneo hayo. Nililala ndani yake, nikala ndani yake, na mojawapo karibu linitoe roho. Ilipofika zamu ya waliotaka kusema neno, nikabaki nimekaa. Padre akaendelea na sala, jeneza likashushwa, tukala ndizi na nyama kama ilivyo desturi, nikapanda basi kurudi Bukoba. Njia nzima nilikuwa nikimweleza Ma Koleta mambo ambayo ningepaswa kuwaeleza waombolezaji. Basi nayaandika hapa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nina siko seli, ugonjwa wa damu ambao wataalamu huuita selimundu. Aliye nao, damu yake ikikosa maji ya kutosha, au mwili ukipigwa na baridi, au akichoka kupita kiasi, chembe za damu hukwama kwenye mishipa, na maumivu yanayokuja hapo sijawahi kupata maneno ya kuyaeleza kwa asiyeyajua. Kwa hiyo safari zangu zilikuwa mbili tu: kwenda hospitali na kurudi kutoka hospitali. Nilikuwa nimelala wodi tatu tofauti za Bukoba lakini sijawahi kulala gesti hata moja. Mchana nilikuwa nakwenda kwenye darasa la ushonaji hapa mtaani Bakoba, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa myepesi kwenye mkasi, wenzangu waliniachia kazi ya kukata. Hapo ndipo Ma Koleta aliponikuta. Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, anaishi Hamugembe, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu wa ng'ambo ya bonde, na umoja wa akina mama wa parokia ulikuwa umemwomba azunguke na cherehani chake cha mkono kufundisha vikundi vya Muleba na vya visiwani. Alisimama nyuma yangu akaangalia kwa muda mrefu.

"Unakata bila chaki?"

"Nachora kwa kucha, Ma."

"Unaweza kuja na mimi Muleba?"

Nikamwambia kuhusu ugonjwa wangu, kama nilivyozoea kumwambia kila mtu mapema ili asije kushangaa baadaye. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimekuuliza kama unaweza kuja," akasema. "Habari za kuumwa utaniambia njiani."

Mama yangu alikataa siku nne. Siku ya tano akanifungia sweta lake kwenye mfuko.

Safari ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Tangu jioni ya kuamkia siku ile sikunywa maji, na asubuhi sikunywa hata chai, kwa sababu ndivyo wanawake wote niliowajua walivyosafiri. Hakuna aliyetufundisha, tuliwaona tu mama zetu. Basi likisimama, wanaume wanashuka, wanasogea kwenye migomba na kugeuka kidogo, mambo yamekwisha. Mwanamke anabaki kwenye kiti amebana magoti, kwa hiyo dawa ni kutokunywa. Barabara ya Muleba wakati huo ilikuwa bado ya vumbi, na lile vumbi jekundu lilikuwa linaingia mpaka kwenye meno. Tulipofika Kyetema Ma Koleta alinipa chupa ya maji, nikasema sina kiu. Muhutwe akanipa tena, nikasema bado. Tulipokuwa tunashuka stendi ya Muleba, nyonga yangu ya kushoto ilikuwa imeanza kuzungumza, kwa sauti ya chini, ile ninayoijua.

Chumba chetu cha gesti nakikumbuka kuliko vyumba vingi nilivyoishi. Kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, ukuta uliopakwa rangi ya bluu mpaka usawa wa kifua na kuachwa hivyo, kioo kidogo kilichoning'inizwa kwa msumari mrefu kuliko kioo chenyewe, na dirisha lililotazama uwanja wa jikoni. Kutoka uwanjani iliingia harufu ya kuni mbichi na ya ebitoke, ndizi za kwetu, zinazochemka pamoja na maharage mpaka vishikane viwe kitu kimoja. Waliniletea sahani, sikuweza kula. Nilimeza vidonge vyangu, nikajikunja chini ya blanketi, na asubuhi iliyofuata nilikuwa bado hapo, macho nimefumba, niliposikia watu wawili wakizungumza chini ya dirisha. Mmoja alikuwa Ma Koleta. Mwingine alikuwa Ma Adventina, aliyesimamia vikundi vya Muleba, mwanamke mwema ambaye baadaye alinipenda sana.

"Waitu Koleta, huyo binti atakufia njiani," alisema Ma Adventina, akimwita kwa heshima ya Kihaya. "Utamwambia nini mama yake? Mrudishe, nitakutafutia mwingine hapa hapa, mwenye nguvu."

"Ana mkono mzuri wa kukata."

"Mkono mzuri bila mwili wa kuubeba!"

Nilisikia mtu anamwaga maji kwenye beseni. Kisha Ma Koleta akasema, bila hasira, "Ule ugonjwa nitaujifunza. Cherehani nilijifunza nikiwa na miaka arobaini, nikiwa sijui hata kutunga uzi. Nitashindwaje kumjifunza mtoto wa watu?"

Nililia chini ya blanketi, na sikulia kwa uchungu wa nyonga. Alipoingia chumbani hakuonyesha kama amezungumza na mtu. Alikaa kwenye kitanda chake, akaweka mikono magotini. "Jenoveva, niambie. Huo ugonjwa wako unataka nini?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo. Watu wote, tangu nikiwa mdogo, walikuwa wakinihesabia vitu ambavyo ugonjwa hauvitaki: usikimbie, usinyeshewe, usiende mbali. Nilifikiri kwanza. "Unataka maji, Ma. Mengi. Unataka joto. Unataka nile kwa wakati na nilale vya kutosha. Na nimeze dawa zangu kila siku, na mbu wasinipate, kwa sababu malaria kwangu ni hatari."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo."

"Basi hata mimi nayataka hayo," akasema, akainuka kwenda kunitafutia uji.

Sasa nina umri unaokaribia ule aliokuwa nao, na nimesafiri vya kutosha kujua kwamba watu wengi huingia safarini kama wanaokwenda kuadhibiwa. Wanafunga kula, wanafunga kunywa, wanalala popote, wanajivunia kuchoka. Ma Koleta alikuwa mtu wa kwanza niliyemwona akisafiri kama anayeendelea kuishi. Tukifika gesti, kabla ya kuweka mizigo alipitisha kiganja juu ya godoro akitafuta unyevu, na akiupata alidai chumba kingine, kwa upole, bila kuchoka, mpaka apewe. Chandarua alikishika kuelekea dirishani, akakiangalia kama anavyoangalia kitambaa dukani, na kila tundu aliliziba kwa uzi wake mwenyewe. Nadhani wenye gesti za Muleba hawajui mpaka leo nani aliwashonea vyandarua vyao. Maji ya kunywa hakuyaamini kwa maneno. Alikwenda jikoni akasimama karibu na sufuria mpaka ayaone yanachemka, huku akipiga soga na wapishi, na mara nyingi alirudi na maji pamoja na kipande cha kiazi alichopewa kwa urafiki. Tulikula chakula kinachotoa moshi. Kachumbari tuliipita kwa heshima. Ndizi mbivu na maembe tulimenya wenyewe, baada ya kunawa kwa sabuni aliyoifunga kwenye kitambaa. Kwenye basi alichagua viti vya katikati, ambako mtikisiko ni mdogo, upande wa kushoto tunapokwenda kusini, ili jua la asubuhi linipate. Na mimi nilikaa nimevaa sweta la mama huku watu wakijipepea.

Lakini jambo la kusimamisha basi ndilo lililonishangaza zaidi. Tulikuwa tumepita Muhutwe, safari yetu ya tatu au ya nne, nimekunywa chupa nzima kwa amri yake, nimebana magoti na jasho linanitoka. Aliniangalia mara moja tu. Akasimama akishikilia siti ya mbele, akaita kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya bonde, "Dereva! Wanawake tunashuka!" Hakusema kuna mgonjwa, wala hakusema huyu binti. Konda akaanza kunung'unika kwamba tumechelewa, lakini dereva, sijui aliisikia sauti ya mama yake, akasimama. Nilishuka nimeinamisha kichwa kwa aibu. Nilipogeuka nikaona wanawake sita wanashuka nyuma yetu, mmoja mwenye mtoto mgongoni, mwingine mzee kabisa anayeshikiliwa mkono, wote wanaelekea migombani kwa haraka kama waliokuwa wanasubiri tangu Bukoba. Yule mzee aliporudi alimshika Ma Koleta bega akasema kwa Kihaya kwamba Mungu amlinde. Basi liliondoka likiwa na kelele za maongezi ambazo hazikuwemo kabla.

Ungedhani baada ya hapo nilikuwa nimejifunza. Nilijifunza kwa upande wa nchi kavu. Mwezi wa nne wa kazi yetu tulitumwa kisiwa cha Bumbire, na ziwa lilinikuta na aibu yangu ya zamani. Tuliondoka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, saa mbili asubuhi kwenye mtumbwi wa injini, watu kumi na watatu, mimi na Ma Koleta tukiwa wanawake peke yetu, wengine wavuvi na wachuuzi wa samaki wanaorudi kambini. Ziwani hakuna migomba. Niliangalia kutoka ubao hadi ubao, nikaona hakuna hata mahali pa kugeuzia uso, nikaamua. Chupa yangu nilikuwa naiweka mdomoni kila Ma Koleta aliponitazama, nainua, nameza mate, nafunika. Upepo ulipoanza, maji yakawa yanaturukia. Turubai letu la plastiki lilifunika cherehani kabla ya kunifunika mimi, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyelivuta upande ule. Tulipofika kisiwani nilishuka kwa miguu yangu. Nilitembea hatua kama ishirini mchangani, kisha miguu yote miwili ikashika moto, na mgongo, na kifua, nikakaa chini palepale kwenye dagaa walioanikwa.

Walinibeba mpaka nyumba ya karibu. Ilikuwa ya Mama Veronika, Mkerewe aliyehamia pale kufuata kazi ya kuanika dagaa, na ilikuwa na chumba kimoja cha mabati na matete, kitanda cha kamba, na nyavu kuukuu zimekunjwa kwenye kona kama mtu aliyelala. Siku mbili nilizokaa kwenye kitanda kile sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kwenye khanga, wakizibadilisha kwenye nyonga na magoti. Nakumbuka Ma Koleta akininywesha maji kwa kijiko, akihesabu kwa sauti, akinipa vidonge vyangu, akinipa uji, akininywesha tena. Nakumbuka kifua kiliponibana nikadhani sasa basi, na yeye akaninong'oneza, "Pumua kaisiki kangu, pumua taratibu," binti yangu mdogo, kana kwamba nina miaka mitano. Aliulizia mtumbwi wa kunirudisha hospitali, akaambiwa mawimbi hayaruhusu. Sijui alisali nini. Siku ya pili, nje ya ukuta wa matete, nilisikia mpini wa cherehani ukizunguka na sauti ya wanawake wakicheka, nikajua maumivu yamepungua, kwa sababu nilikuwa nasikia kitu kingine.

Alipoona naweza kukaa alikuja akafunga mlango.

"Chupa yako ilikuwa imejaa."

"Ndiyo, Ma."

"Ulikuwa unaigusisha mdomo tu."

"Ndiyo."

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Wanaume kumi na mmoja, Ma," nikasema, nikaanza kulia.

Nilitegemea anikaripie. Uso wake ulikuwa umekasirika kweli, na nadhani alikuwa amejiandaa kwa maneno makali njia yote kutoka uwanjani. Lakini alikaa pembeni yangu. Akaniambia kwamba akiwa msichana wa umri wangu alisafiri kutoka Biharamulo mpaka Bukoba amebana mkojo siku nzima kwa aibu hiyohiyo, na safari za namna hiyo akazifanya nyingi, mpaka figo zikamlaza hospitali mwezi mzima. "Wale niliokuwa nawaonea aibu kwenye basi, hakuna hata mmoja aliyekuja kuniona wodini," akasema. "Wala sikuwa nawajua majina. Sasa sikiliza. Ukiona aibu, niambie, tutaitafutia njia. Ukinidanganya siwezi kukusaidia, na wewe nimekuazima kwa mama yako." Nikamwahidi. Ni ahadi ambayo nimejitahidi kuitunza, hata na watu wengine.

Njia aliyoitafuta ilikuwa ndoo ndogo yenye mfuniko na vitenge viwili alivyoviunganisha kwa mshono mmoja. Siku ya kurudi, kabla injini haijawashwa, alisimama kwenye mtumbwi akamwambia nahodha, mzee aliyeitwa Magesa, mbele ya watu wote, "Mzee Magesa, tukifika katikati utapunguza mwendo mara mbili. Wanawake tutakuwa na haja." Kijana mmoja akacheka. Mzee Magesa akamgeukia. "Wewe unacheka nini? Mkeo akisafiri anaacha kibofu nyumbani?" Wakacheka wengine wote, kijana akanyamaza. Na tulipofika katikati, mwendo ulipopunguzwa, wanaume kumi tuliosafiri nao siku ile walitazama mbele bila kuambiwa, wakaanza kuzungumzia bei ya nyavu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na Ma Koleta akashika kitenge pande zote kama pazia la kanisa. Nilikunywa chupa mbili siku ile. Nilifika Muleba natembea, nina njaa, nikamaliza sahani ya ndizi na ya Ma Koleta nikaidokoa.

Sitaki kusema kwamba niliacha kuumwa. Nilibaki Bukoba wiki tatu za mvua kubwa, na mara moja nililazwa. Lakini kila mara nilirudi barabarani, na mwili wangu, ambao nilikuwa nimeuona kama jirani mgomvi, nikaanza kuuelewa tabia. Nilijua unapotaka kulala. Nilijua maumivu ya kuchoka na maumivu ya hatari yanavyotofautiana. Tulizunguka vikundi tisa. Nilinenepa kidogo. Ma Adventina, aliyetaka nirudishwe, akawa ananiwekea chai ya rangi ya tangawizi kwenye chupa ya kutunza joto kila tulipopita kwake, na kumwambia kila mgeni, "Huyu ndiye fundi wetu wa kukata."

Mwisho wa mwaka tulirudi Bumbire. Mama Veronika alitupokea kwa sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo, na safari hii nikiwa mzima nilimwona vizuri binti yake, Veronika mwenyewe, ambaye mara ya kwanza niliumwa sana hata sikuweza kumtazama. Alikuwa na miaka minane lakini mwili wa mtoto wa mitano, miguu myembamba, na macho yenye umanjano ninaoujua kutoka kwenye kioo changu. Alikuwa amekaa juani amejifunga khanga ya mama yake, wenzake wanacheza. Nikamuuliza mama yake kama mtoto huumwa mifupa. Aliacha kuchambua dagaa. "Nani kakwambia?" Nikamwambia hakuna aliyeniambia. Ndipo akatueleza kwamba alijaribu mara moja kumpeleka hospitali ng'ambo. Waliondoka alfajiri kabla ya jua, kwenye baridi, mtoto akaloa, na hawakumpa maji ili asitapike. Walipofika alikuwa anapiga mayowe kiasi kwamba mama aliogopa, akapanda naye mtumbwi uliokuwa unageuza, akarudi. Tangu hapo watu wa mwaloni walisema ziwa halimtaki yule mtoto, na hakupandishwa tena chombo.

"Si ziwa," nikasema. "Ni ile baridi na kukosa maji. Mimi mwenyewe yalinipata, ulinibeba kwa mikono yako."

Alinitazama, akamtazama binti yake. Baadaye tulipokuwa wawili nikamwambia, "Ma, tuwapeleke kesho." Akatikisa kichwa. "Mimi nina nguo kumi na mbili za komunyo ya kwanza hapa, na Jumapili ndiyo hiyo. Wapeleke wewe."

"Peke yangu?"

"Kuna kitu cha safari hii usichokijua?"

Nilitafuta, sikukipata, na hilo liliniogopesha kuliko kama ningekipata. Asubuhi nilisubiri mpaka jua likapanda na kukausha mbao. Nilimvalisha Veronika sweta la mama yangu likamfika miguuni, nikamweka katikati ya mtumbwi mbali na mawimbi, turubai juu ya magoti yake kabla ya mzigo wowote. Nilimpa maji kidogo kidogo tangu alipoamka. Mama yake alikuwa ameshikilia ukingo kwa mikono miwili kama anayezuia mtumbwi usipinduke. Nahodha hakuwa Mzee Magesa. Alikuwa kijana nisiyemjua, na abiria walikuwa wanaume tisa. Nikasimama. Sauti iliyotoka haikuwa ya ng'ambo ya bonde, lakini ilitosha. "Nahodha, tukifika katikati utapunguza mwendo. Sisi wanawake tutakuwa na haja." Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeombwa kusogeza mguu. Na tulipofika katikati, Mama Veronika, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekataa maji, aliniona nikimshikia binti yake kitenge, akanyoosha mkono akaomba chupa.

Veronika alishuka mwaloni kwa miguu yake. Tulipumzika kwa mama lishe, tukala uji wa moto na chapati, tukapanda gari mpaka Muleba, tukala tena, tukalala mapema chini ya chandarua nilichokishona. Kesho yake hospitalini walimtoa damu kidoleni, na mchana daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, akatuita. Ilikuwa siko seli. Alieleza dawa za kila siku, alieleza malaria, alieleza maji. Mama Veronika alisikiliza yote amekunja mikono, akamuuliza, "Atapona?" Daktari akasema ukweli, kwamba ugonjwa huo utabaki naye. Veronika alikuwa anakula ndizi mbivu na kutazama mizani iliyokuwa ukutani.

Ndipo Mama Veronika akanigeukia mimi, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, kama mtu anayenunua kitu ambacho hawezi kukirudisha.

"Na wewe unao huu huu?"

"Ninao huu huu."

"Una miaka mingapi?"

"Nimetimiza ishirini na mitatu."

"Na unapanda mitumbwi, unalala magesti, unakula huko na huko?"

"Ndiyo, mama. Mwaka mzima sasa."

Alimfuta binti yake mdomo kwa pembe ya khanga, akamvuta karibu. Kisha akamwuliza daktari tunatakiwa kurudi tarehe ngapi.